MSHAIRI SHAMBANI SI PAMBO, ALIPWE!

Kuna dili washairi wanapewa huko majuu: unakaa miezi kadhaa kwenye shamba la kihistoria ambalo bado linalimwa, kazi yako kuandika. Watu wanaona ni kula bata tu. Mmoja kapewa chumba na chai, hela hakuna, eti mandhari inatosha!

Jamani, Robert Burns alikodi shamba la Ellisland, Scotland, mwaka 1788. Hapohapo ndo aliandika "Tam o' Shanter", 1790. Lakini ardhi ilikuwa mbovu, kilimo hakikumlipa, ikabidi afanye na kazi ya kutoza ushuru ili nyumbani wapate kula.

Mandhari hailishi mtoto. Anayekamua ng'ombe analipwa, anayeandika naye alipwe. Mnasemaje wadau?