Kona ya Nyumbani: Bosi wa kwenye simu anashindwaje?

Juma hili swali limetoka kwa mama mmoja wa kikundi chetu cha akiba. Kijana wake ana miaka 13. Akitoka shule anaomba simu, na dakika kidogo baadaye nyumba nzima inasikia: "Bosi ameniua tena!" Mama anauliza bosi huyo ni nani, na mbona mtoto hachoki kufa.

Kuna michezo ya simu na ya kompyuta iliyo kama hadithi za jioni. Mtoto anachukua mtu mmoja wa hadithi, anamtembeza msituni na mijini, anaokota silaha na dawa, na kila akipigana na wanyama wadogo-wadogo nguvu yake inaongezeka. Mwisho wa njia kuna mkubwa aliyefunga mlango: joka, jitu, au mfalme mbaya. Huyo ndiye bosi. Asiposhindwa, hadithi haiendelei.

Watoto wengi wanakufa kwa sababu ileile: wanaingia wakipiga. Bosi ametengenezwa ili amshinde mtu wa namna hiyo. Lakini bosi ana tabia, na tabia yake inajirudia. Kabla ya kupiga anainua mkono, au anarudi nyuma, au ananguruma. Akimaliza mapigo yake marefu anapumzika kidogo. Basi pigano la kwanza liwe la kuangalia tu. Mtoto akimbie, ajikinge, ahesabu: anapiga mara ngapi kabla ya kupumzika? Akifa hapo hajapoteza kitu, amerudi na habari. Pigano la pili apige wakati bosi amepumzika, pigo moja au mawili, kisha atoke. Pigo la tatu ni la tamaa, na ndilo linaloua.

Juu ya dawa, watoto wako namna mbili. Mmoja anamaliza chupa zote njiani akipigana na panya. Mwingine anazitunza sana, anakufa nazo mfukoni. (Wamama tunawajua watu wazima wa namna zote mbili.) Dawa inyweke damu ikifika karibu nusu, si ikibaki tone, na inyweke wakati bosi anapumzika. Ukinywa mbele ya mkono ulioinuliwa, umeitupa.

Halafu kuna udhaifu. Katika Pokémon, mchezo uliotoka Japani mwaka 1996, mkubwa wa kwanza anaitwa Brock, na wanyama wake ni wa mawe. Mtoto aliyeanza na mnyama wa maji au wa majani anapita haraka. Aliyeanza na wa moto anahangaika, hata akiwa na nguvu. Katika Final Fantasy VI, ya mwaka 1994, kuna bosi aliye garimoshi la wafu. Wachezaji wanalipiga kwa panga na moto, wakati mfukoni wanayo dawa ya kuamsha rafiki aliyeanguka. Ukilitupia garimoshi dawa hiyo, linakufa palepale, maana kinachompa mtu uzima kinaua kilichokwisha kufa. Nani angefikiria? Yule aliyejiuliza kwanza adui wake ni kitu gani.

Wazee wetu walijua mambo haya kabla ya simu. Wanyanga wa Walikale wana masimulizi marefu ya Mwindo. Yaliandikwa mwaka 1956 kutoka kinywa cha mzee Candi Rureke, wakati Maniema yetu bado ilihesabiwa ndani ya Kivu, na kitabu kikatoka mwaka 1969 kwa kazi ya Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Mwindo anamfuata baba yake, Shemwindo, aliyetaka kumuua tangu alipozaliwa, hadi chini ya ardhi, kwa mkubwa aitwaye Muisa. Mchezaji yeyote angesema: huyu ni bosi.

Kabla ya kumfikia Muisa, Mwindo anakutana na Kahindo, binti wa Muisa mwenyewe, anayeteswa na buba mwili mzima. Kahindo ndiye anayempa siri za nyumba. Baba akikusalimia, umwitikie. Akikupa kiti, ukatae. Akikupa pombe ya ndizi, ukatae. Akikupa chakula, ukatae pia. Na Mwindo, naye, anamwosha Kahindo vidonda vyake. Katika michezo ya leo ni vilevile: yule mwanamke wa kijijini ambaye watoto wanampita mbio bila kuongea naye, mara nyingi ndiye anayejua bosi anaogopa nini. Mwambie kijana wako arudi nyuma, azungumze na kila mtu.

Na Mwindo hakushuka bila mtu wa nyuma. Shangazi yake, Iyangura, alibaki juu akishika kamba. Mwindo alimwambia: ukiona kamba haitikisiki tena, ujue nimekufa. Huko chini alipigwa, akafa, na fimbo yake ya mkia ikamfufua. Kazi ya kuvuna asali ilipomshinda, alimwita Nkuba, yaani Radi, aje kupasua mti. Hakuona haya kuomba msaada.

Kuna mchezo wa Kiafrika wa leo unaofuata njia hiyo. Unaitwa Aurion, ulitengenezwa Yaoundé, Kamerun, na kampuni ya Kiro'o Games, ukatoka mwaka 2016. Enzo ni mfalme wa Zama, na kaka wa mke wake anampindua siku ya kutawazwa. Enzo anapigana, na mke wake Erine yuko pamoja naye vitani akimsaidia kwa nguvu zake. Anayecheza akimsahau Erine anateseka bure. Mchezo huu unataka kompyuta, kwa hiyo kwetu si wengi watakaouona, lakini kijana mwenye ndugu mjini anaweza kuuulizia.

Basi wewe mama, ambaye hujawahi kugusa mchezo wowote, unaweza kushika kamba. Mtoto akipiga kelele kwamba amekufa, usimwambie kwanza atupe simu. Muulize: "Amekuua na nini? Na safari hii utabadilisha nini?" Akikujibu vizuri, mwache ajaribu. Akisema "sijui, nitampiga tu," simu irudi kwako mpaka kesho. Mimi nyumbani ninaruhusu mapigano matatu, basi. Baada ya hapo mkono umechoka na hasira imepanda, na chaji ya simu tunailipa franka.

Jambo moja la pesa. Kuna michezo inayowauzia watoto nguvu: bosi anafanywa mgumu kupita kiasi, halafu mlango wa duka unafunguka, lipa upate upanga. Mtoto akikuambia bosi huyu hawezekani bila kununua, aanze kwa kurudi nyuma kuongeza nguvu kwa wanyama wadogo. Ikishindikana kabisa, mchezo huo ufutwe. Na namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money, hasa ile ya mama anayetunza pesa za kikundi, isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto. Ndiyo namba ya kwanza atakayoijaribu.