Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Usafiri wa Anga: Saa za Jeshini Zihesabiwe kwa Maandishi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, Entebbe.
Nakala: Kamanda wa Jeshi la Anga, UPDF.

Mheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Koboko. Kila jeshi letu, UPDF, linapotangaza kusajili vijana, wanafunzi wangu hunijia na swali lile lile: "Mwalimu, nikiingia Jeshi la Anga, baadaye nitaweza kurusha ndege za Uganda Airlines?" Jibu liko ofisini kwako, kwa sababu leseni ya kubeba abiria haitolewi na jeshi. Unaitoa wewe.

Ada ya urubani haimo katika uwezo wa mzazi anayelima tumbaku na mihogo, hata kama chuo kiko hapa nchini, Soroti, kilikofunguliwa mwaka 1971 kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima. Kwa nyumba nyingi za Koboko na Arua, anayetaka kuruka hana pengine pa kuanzia isipokuwa jeshini. Na jeshi kwetu si geni. Babu zetu walikuwa askari wa KAR, jeshi la wakoloni Waingereza, na Kiswahili hiki ninachokuandikia kilienea huku pamoja na kambi zao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Jeshi la Anga liliongozwa na Gad Wilson Toko, mtu wa huku kwetu West Nile. Kisha ukaja mwaka 1979, serikali ya wakati huo ikaangushwa, na sare ile ile ikawa sababu ya watu kukimbia na wake na watoto wao hadi Sudan na Zaire. Kwa hiyo mzazi wa hapa akikubali mwanawe ajiunge na jeshi, ujue hakukubali kwa wepesi. Ana haki ya kuambiwa mapema kijana wake atatoka huko na nini mkononi.

Ninachowaambia wanafunzi kwa sasa ni kile kilichomo katika viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Leseni ya rubani wa biashara inataka saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyesoma kozi iliyoidhinishwa. Kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria kunataka leseni ya juu, yenye saa 1,500. Halafu nawaeleza jambo linalowanyamazisha: saa za helikopta si saa za ndege ya mabawa. Kijana anaweza kurusha Mi-17 miaka kumi, akapita kwenye mvua na vumbi ambavyo rubani wa abiria hatavikaribia, na bado asiweze kukaa mbele ya CRJ900 ya Uganda Airlines mpaka asomee ndege ya mabawa. Zipo pia karatasi za mtihani: sheria za anga, hali ya hewa, uongozaji wa safari, mawasiliano ya redio. Haya hayamkatishi tamaa kijana wa miaka 19 akiambiwa mapema. Yanamvunja akiyasikia ana miaka 35 na watoto watatu.

Nchi nyingine zimeyaandika wazi. Marekani, rubani wa jeshi anaweza kuajiriwa kama rubani msaidizi wa shirika la ndege akiwa na saa 750 badala ya 1,500. Upande wa pili, Jeshi la Anga la nchi hiyo linamdai miaka kumi ya utumishi baada ya kumfundisha kuruka. Unaweza kuona miaka kumi ni mingi, lakini hakuna anayedanganywa. Jeshi linajua litakaa naye hadi lini, naye anajua ataondoka lini.

Wanaoniuma zaidi ni mafundi. Nina jirani aliyekuwa fundi wa helikopta jeshini, na leo anatengeneza pikipiki kando ya barabara iendayo Oraba. Daftari lake analifunga kwenye mfuko wa plastiki. Alinifunulia: tarehe, namba ya kifaa kilichotolewa, namba ya kilichowekwa, saa za injini, yote kwa kalamu ya buluu, mistari imenyooka. Safu ya sahihi ni tupu kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Alipoomba kazi katika kampuni moja ya ndege, walimsifu mwandiko, kisha wakamuuliza leseni. ICAO inataka fundi awe na uzoefu wa miaka minne, au miwili kwa aliyemaliza kozi iliyoidhinishwa. Mtu huyu alikuwa nayo miaka hiyo na zaidi. Kilichokosekana ni mwenye mamlaka wa kuithibitisha.

Hatuombi upunguze masharti. Mimi mwenyewe nitapanda ndege hizo, na watoto wangu pia. Tunaomba wewe na Kamanda mkubaliane, kisha mtoe karatasi moja ya Kiswahili na Kiingereza, igawiwe siku ya usajili: saa zipi zinahesabiwa na zipi hazihesabiwi, nani atatia sahihi daftari la fundi, kijana atatumikia miaka mingapi kabla ya kuruhusiwa kuondoka, na mitihani gani anaweza kuifanya akiwa bado ndani. Daraja la kuanzia lipo tayari. Uganda Air Cargo iko chini ya Wizara ya Ulinzi, na kazi yake ni ya kibiashara. Hapo askari na leseni yako wanaweza kukutana bila kuunda shirika jipya.

Na kwa waliokwisha kutoka jeshini, uwanja wa ndege wa Arua uko chini ya Mamlaka yako. Tuma maofisa wa leseni wakae pale siku mbili, wapokee madaftari, wawahoji wenye nayo, wamwambie kila mmoja kwa maandishi amebakiza nini. Kutoka Koboko tutakuja kwa basi. Tangazo likitolewa redioni wiki moja kabla, linatosha.

Wako mtiifu,
Mwalimu, Koboko