Karatasi ya zawadi Lindi: Tatizo si mashine, ni oda

MSIMU wa korosho unapoanza kulipa, kuanzia Oktoba hadi mwishoni mwa mwaka, Lindi mjini, Mtama, Nangurukuru na Kilwa Masoko huingia katika majira ya shughuli. Harusi hufungwa, madeni hulipwa, na maduka ya vyombo, vitenge na vipodozi huwapata wateja ambao miezi mingine huonekana kwa nadra.

Mteja aliyenunua seti ya vikombe vya bibi harusi huomba afungiwe. Muuzaji huvuta karatasi inayong'aa iliyotoka China na kupitia Kariakoo, yenye salamu za Kiingereza za siku ya kuzaliwa au picha ya mti wa Krismasi uliofunikwa na theluji. Zawadi hupelekwa kwenye harusi ya Kiislamu mtaa wa pili, wala hakuna anayeshangaa.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, tena la anasa, katika mkoa ambao mkulima bado analalamikia bei ya korosho na ufuta. Lakini ndani ya karatasi hiyo limefungwa swali kubwa la kiuchumi: kwa nini mfanyabiashara mdogo wa Lindi hawezi kuiweka bidhaa yake sokoni ikiwa na jina lake mwenyewe?

Akiulizwa, jibu lake la kwanza huwa ni kwamba hakuna mchapaji. Jibu la pili, baada ya kusafiri na kumpata mchapaji Dar es Salaam, huwa ni kwamba mchapaji amemkataa kwa kuwa oda yake ni ndogo. Majibu haya mawili yanafanana, lakini hayana tiba moja. Makala haya yanadai kuwa la pili ndilo la kweli, na kwamba tiba yake watu wa Lindi wanaijua kuliko wanavyodhani.

Tuanze na hesabu. Uchapaji wa ofseti, ambao ndio unaotumika kwa kazi nyingi, una gharama za aina mbili. Ya kwanza ni ya maandalizi: kutengeneza sahani za uchapaji, moja kwa kila rangi, kuifunga mashine, kusawazisha wino na kupoteza karatasi kadhaa kabla ya nakala nzuri ya kwanza kutoka. Ya pili ni ya karatasi na wino kwa kila kipande kinachochapwa.

Gharama ya maandalizi haijali kama unachapa vipande 100 au 10,000. Tuseme, kwa mfano tu, maandalizi ni Sh200,000 na kila kipande kinakula Sh300 za karatasi na wino. Mwenye duka anayetaka vipande 100 atalipa Sh2,300 kwa kila kimoja, bei ambayo inaweza kuzidi faida ya bidhaa iliyomo ndani. Anayetaka vipande 2,000 atalipa Sh400 tu.

Kwa hiyo mchapaji anayemwambia mama muuza korosho kuwa oda yake ni ndogo hamdharau. Anamwambia habari ya hesabu. Kosa linakuwa pale mama huyo anaporudi nyumbani akiamini kuwa mlango umefungwa.

Kizuizi cha pili ni ukubwa wa karatasi. Karatasi ya zawadi iliyozoeleka madukani ina sentimita 50 kwa 70. Mashine ndogo ya ofseti kama Heidelberg GTO 52 huchukua karatasi isiyozidi sentimita 36 kwa 52, na printa za ofisini na za steshenari nyingi huishia kwenye A3, yaani sentimita 29.7 kwa 42. Mfanyabiashara anayedai karatasi kubwa anajifungia nje ya mashine zilizo karibu naye kabla hata ya kuuliza bei.

Ikumbukwe kuwa si kila zawadi inahitaji karatasi kubwa. Boksi la korosho lenye urefu wa sentimita 15, upana wa 10 na kimo cha tano linahitaji kipande cha takriban sentimita 33 kwa 23 pamoja na sehemu ya kukunja. Hicho kinatoka ndani ya A3 na chenji inabaki. Sabuni ya mwani, chupa ndogo ya asali au mafuta ya nazi ni vivyo hivyo. Anayefunga masufuria ndiye mwenye haja ya karatasi kubwa.

Mambo haya mawili yakieleweka, swali la "mchapaji yuko wapi" linabadilika. Kwa vipande 50 au 100, mchapaji ni steshenari ile ile inayotoa kadi za michango ya harusi, kwa kuwa printa ya dijitali haihitaji sahani. Hapo mteja hana budi kuuliza kama printa ni ya leza au ya wino wa maji. Wino wa maji huvuja ukiguswa na mkono wenye jasho, na katika joto na unyevu wa mwambao wetu mikono mikavu ni michache.

Kwa mamia kadhaa yenye rangi moja au mbili, mchapaji ni fundi wa skrini, yule anayechapa fulana za kampeni na za timu za mpira. Skrini moja hutumika mara nyingi, na inaweza kuchapa karatasi ya kaki sawasawa na inavyochapa kitambaa. Na kwa mwenye mtaji mdogo kabisa, mhuri wa mpira wenye jina la duka, pedi ya wino na karatasi ya kaki vinatosha kuanzia.

Karatasi ya kaki yenyewe si ngeni nchini. Kiwanda cha Mgololo, wilayani Mufindi, kilichoanza miaka ya 1980 kwa jina la Southern Paper Mills, ndicho kilicholizoesha taifa wazo kwamba karatasi inaweza kutoka katika misitu yetu wenyewe. Kaki ya gramu 70 hadi 90 kwa mita ya mraba hukunjika vizuri na haipasuki haraka pembeni.

Zinapofika oda za maelfu, ndipo linapokuja suala la kiwanda. Hata hapo si lazima fikra zielekee kaskazini peke yake. Barabara inayotoka Mnazi Mmoja kwenda Masasi inapita Ndanda, mkoani Mtwara, ambako Wabenediktini walianzisha uchapaji uliotoa vitabu vingi vya Kiswahili katika karne ya 20. Kusini kuna historia ya kuchapa. Ni busara kuulizia upande huo pia kabla ya kukata tiketi ya Dar es Salaam.

Safari ya Dar es Salaam ina gharama zake. Ni takriban kilomita 450 kutoka Lindi mjini. Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, liliondoa adha ya kivuko, na lami iliyokuja baadaye ikafupisha siku. Lakini Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipoikata barabara eneo la Somanga, kila aliyekuwa na mzigo upande wa pili alikumbushwa maana ya kutegemea njia moja. Karatasi ya harusi inayofika baada ya harusi ni taka.

Sasa turudi kwenye oda. Mkulima wa Nachingwea au Kilwa mwenye magunia mawili ya korosho hana uwezo wa kumwita mnunuzi wa India au Vietnam. Hata hivyo korosho yake hufika huko. Hufika kwa sababu chama cha msingi hukusanya magunia mawili ya huyu na matano ya yule, huyapeleka ghalani, na chama kikuu, kiwe Lindi Mwambao au Runali, hutangaza mnada wa tani nyingi kwa pamoja. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho mwaka 2007, una lawama zake, na wakulima wamezisema. Lakini msingi wake ni sahihi: mdogo peke yake hana bei, wadogo wakikusanyika wanayo.

Kinachostaajabisha ni kwamba watu wale wale wanaokusanya korosho ili kuuza hawakusanyiki ili kununua. Kila mwenye duka huenda Kariakoo kivyake, na kila mmoja hukataliwa na mchapaji kivyake.

Wataalamu wa uchapaji wana njia ya kuwasaidia. Karatasi kubwa ya sentimita 70 kwa 100 ina nafasi ya vipande vinne vya sentimita 35 kwa 50. Maduka manne yanaweza kuweka michoro yao minne kwenye sahani moja, kila duka na jina lake, na mashine ikichapa karatasi 500 kila duka linapata vipande 500. Gharama ya maandalizi inagawanywa kwa wanne. Sharti ni moja: wakubaliane rangi na aina ya karatasi.

Njia nyingine ni maduka kumi kuchagua mchoro mmoja wa mwambao, tuseme jahazi, mkorosho au matao ya msikiti wa Kilwa Kisiwani, kuuchapa kwa wingi na kuacha nafasi tupu katikati. Nafasi hiyo kila mmoja ataijaza kwa mhuri au stika yake. Karatasi inakuwa ya Lindi, jina linabaki la mwenye duka.

Yapo mambo ambayo kundi la namna hiyo lapaswa kuyaandika kabla ya kutoa malipo ya awali: ukubwa na uzito wa karatasi, idadi, tarehe ya kukabidhiwa, nani anagharamia nakala zilizoharibika, na nani anabaki na sahani kazi ikiisha. Yapasa pia waione nakala ya majaribio kwenye karatasi yenyewe, kwani rangi ya kompyuta na rangi ya kaki ni mambo mawili tofauti. Aidha, wino wa karatasi ya zawadi haukutengenezwa kugusa chakula. Korosho iwe kwanza ndani ya kifungashio cha chakula.

Serikali nayo ina nafasi. Marufuku ya mifuko ya plastiki, iliyotangazwa bungeni Aprili 2019 na aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, na kuanza kutumika Juni 1 mwaka huo, ilitengeneza soko la karatasi kwa siku moja. Kiongozi aliyeitangaza alikuwa Mbunge wa Ruangwa, mkoani humu humu. Hata hivyo marufuku huondoa kitu sokoni. Haifundishi mtu kutengeneza kinachochukua nafasi yake.

Sido, shirika la viwanda vidogo lililoundwa kwa sheria mwaka 1973, lina ofisi mkoani Lindi, na ndilo linalofaa kuwa kikao cha kukusanyia oda za vifungashio. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, utaratibu uliositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kundi la vijana wenye meza ya skrini na kisu cha kukatia karatasi halihitaji mabilioni. Linahitaji uhakika wa wateja, na wateja hao ni maduka yaliyotajwa hapo juu.

Wapo watakaosema kuwa wahenga walikwisha kulimaliza jambo hili: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwao, anayehangaika na karatasi ana bidhaa mbovu anayotaka kuificha. Hoja hii ina ukweli wake. Hakuna karatasi itakayoiokoa korosho iliyoungua, na duka linaloanza na karatasi kabla ya bidhaa limeanza na paa.

Lakini methali hiyo ilizaliwa katika kijiji ambamo kila mtu alimjua mfumaji wa mkeka wake. Abiria anayenunua korosho dirishani Nangurukuru, akazipenda, akazimalizia Mbagala, atamtafuta nani kesho? Kifuko hakina jina, hakina mji, hakina namba. Kizuri kimejiuza mara moja, kisha kimepotea.

Mwambao huu ulilijua hilo zamani. Masultani wa Kilwa walipiga majina yao kwenye sarafu ndogo za shaba, na moja ya sarafu hizo, ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, imepatikana Zimbabwe Kuu. Nyingine ziliokotwa mwaka 1944 katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Shaba haikuwa na thamani kubwa. Kilichobaki hadi leo ni jina.

Kwa mantiki hiyo, hatua ya kwanza haina haja ya kusubiri mradi wala mfadhili. Wenye maduka wanne wa mtaa mmoja, Lindi au Kilwa Masoko, wakae jioni moja, wakubaliane ukubwa wa karatasi, rangi mbili na idadi, kisha mmoja wao aende kwa mchapaji akiwa na oda ya wanne. Wafanye hivyo kabla ya Oktoba, kwani harusi za msimu wa korosho hazitamsubiri mchapaji.