Toeni Nyavu Mdomoni mwa Mto Mvua Ikianza

Niseme mapema: hii posti itanikosanisha na watu wa kwetu, na wengine ni binamu zangu. Sawa tu.

Mwaka jana masika yalipoanza nilirekodi video Nyando. Maji kahawia, wavu umefungwa ukingo hadi ukingo, ningu wamejaa. Nikaandika "baraka za mvua". Likes zilikuja kama mafuriko. Dani akaiona kwa simu ya binamu yangu, akauliza kitu kimoja: "Mliwapasua tumbo mkakuta nini?" Mayai, dani. Mayai tupu.

Ningu huishi Ziwa Victoria lakini hazalii huko. Husubiri mto ujae, ndipo apande Nyando, Yala, Nzoia au Sondu mpaka kwenye nyasi zilizozama, atage. Watoto wanakulia humo, kisha wanateremka ziwani. Sasa wewe unamngoja mlangoni akiwa na mimba, halafu unalia ziwa limekauka samaki?

Na msiniletee ile story ya mbuta. Ndio, mbuta aliletwa miaka ya 1950 na amekula wengi. Lakini ningu alishaanza kuisha kabla mbuta hajatapakaa, kwa sababu ya nyavu hizi hizi za midomo ya mito. Leo yuko kwenye orodha ya dunia ya samaki walio hatarini kabisa kutoweka.

Kuna pia kuta za kuzuia mafuriko kule Budalang'i. Hapo naingia pole pole, siwezi kumwambia mama aliyewahi kulala juu ya paa abomoe ukuta ndio samaki apate nyasi. Lakini hiyo ndiyo sababu zaidi ya kuacha wazi njia zilizobaki!

Omena hufungwa kila mwaka, 1 Aprili hadi 31 Julai, na kila mtu beach anajua hizo tarehe, hata mlevi. Ningu naye? Hakuna anayempigia kelele. Mimi naomba wiki chache tu, mvua ya kwanza kubwa ikipiga, masika na vuli. Mwenye boti hatakufa njaa kwa kuvua mahali pengine wiki hizo.

Video nimeifuta. Binamu yangu ameapa atafunga wavu palepale mvua ikirudi. Nimemwambia nitakuja na kamera, na safari hii nitaonyesha sura yake.