Chembe zinazofichua saratani: Kanda ijiandae kwa pamoja

Saratani ina hila moja inayowasumbua madaktari wa upasuaji: mpaka wake hauonekani vizuri kwa macho. Daktari akikata kidogo, mabaki huota upya. Akikata sana, mgonjwa hupoteza sehemu ya mwili iliyo nzima.

Watafiti wanajaribu kuifichua hila hiyo kwa mwanga. Wanatengeneza chembe ndogo mno, zinazopimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni moja ya mita. Chembe hizo hudungwa mwilini, hujikusanya kwenye uvimbe, na zikimulikwa kwa taa maalumu hung'aa.

Baadhi ya chembe za awali zilikuwa na kadimi, metali yenye sumu. Ndiyo maana sasa wengi wanageukia chembe za kikaboni. Hizo nazo zilikuwa na kasoro: rangi nyingi za kikaboni zikisongamana hufifia. Mwaka 2001, kundi la Profesa Ben Zhong Tang huko Hong Kong lilieleza molekuli zenye tabia ya kinyume, ambazo hung'aa pale zinapokusanyika.

Nyingi ya chembe hizo bado zinajaribiwa kwa panya. Hata hivyo, upasuaji wa kuongozwa na mwanga si ndoto tena. Novemba 2021, Marekani iliidhinisha pafolasianini, dawa inayong'aa ambayo si chembe ya nano, kwa upasuaji wa saratani ya ovari.

Je, Afrika Mashariki imejipangaje? Msingi upo. Kanda imeshagawana vituo vya umahiri: saratani Uganda, figo Kenya, moyo Tanzania, uhandisi wa vifaa tiba Rwanda. Tangu 2012, Jumuiya ina mpango wa kuoanisha usajili wa dawa.

Kinachokosekana ni kuviunganisha. Chembe hizi zinafuata sheria za dawa, lakini bila kamera na taa yake hazina kazi. Nchi ikisajili dawa huku jirani akinunua kamera, mgonjwa wa Bujumbura hatafaidika na lolote. Tathmini ifanywe mara moja kwa niaba ya wote, Kampala iongoze majaribio, na Kigali ifundishe mafundi wa kamera hizo.

Tahadhari moja: mwanga huu humsaidia mgonjwa ambaye bado anaweza kupasuliwa. Anayefika hospitali saratani ikiwa imeshasambaa hatapata nafuu kubwa. Kwa hiyo, maandalizi yaanzie kwenye uchunguzi wa mapema katika zahanati zetu.