TAA ZA BAISIKELI USIKU: KWANZA TUONEKANE



Wiki hizi mbili ofisi ya chama imeletewa swali moja na wenzetu wengi wa zamu ya usiku hapa Industrial Area, Nairobi. Wale waendao kazini kwa baisikeli wauliza: Je, ni lazima tuvae vizibao vyenye taa za indiketa, vile viwakavyo kushoto au kulia mtu anapotaka kukata kona?

Swali hili limeletwa na karatasi iliyogawanywa katika kiwanda kimoja. Karatasi yasema kwamba kila mwenye baisikeli atapewa kizibao cha namna hiyo, na bei yake itakatwa katika mshahara kwa miezi mitatu. Chini pana nafasi ya kutia sahihi. Wengine wamekwisha kutia. Twawaomba waliosalia wangoje kidogo, wasome maneno haya kwanza.

Hatutaki kukidharau chombo chenyewe. Kila mpanda baisikeli ajua taabu ya kukata kona gizani. Kuonyesha mkono wa kulia ni kuuondoa kwenye breki, na huku barabara ina mashimo na mzigo uko nyuma. Tena mkono mtupu usiku hauonekani. Kwa hiyo waliofikiri kuvaa taa mwilini hawakufikiri upuuzi. Huko Marekani Bi. Leah Buechley alitengeneza jaketi lenye mishale ya taa mgongoni, na tangu hapo vizibao, mikanda na kofia za namna hiyo zimeingia madukani. Mwenye fedha na akipende, na anunue. Hatumkatazi.

Lakini tuseme kweli. Mwaka jana mwenzetu mmoja aligongwa na pikapu akitoka zamu saa nne usiku. Hakuwa akikata kona. Alikuwa akienda moja kwa moja, upande wake wa kushoto. Dereva alisema neno moja tu: "Sikumwona." Basi indiketa ingemfaa nini? Indiketa yamwambia dereva mahali unapotaka kwenda. Dereva asiyejua kwamba upo hana haja ya kujua uendako.

Chombo hiki kina upungufu mwingine pia. Taa mbili juu ya mgongo wa mtu zimekaribiana sana, na dereva aliye mbali huenda asitambue kama iwakayo ni ya kushoto au ya kulia. Ukibeba mfuko mgongoni umezifunika. Ukisahau kuzima, waonyesha kulia nawe waenda mbele, na hiyo ni hatari kuliko kutoonyesha kitu. Na betri isiyochajiwa ni mzigo tu.

Kwa hiyo sisi twaona kuna mambo yatanguliayo indiketa.

La kwanza ni taa ya baisikeli yenyewe: nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Wengi wetu wenye Black Mamba twategemea dainamo. Dainamo ni chombo kizuri, hakitaki betri, lakini zile za zamani huzimika mara gurudumu lisimamapo. Nawe wasimama wapi? Katikati ya barabara, ukingoja motokaa zipite ili ukate kulia. Yaani taa yakuacha gizani pale pale unapoihitaji zaidi. Mwenye dainamo ya namna hiyo na aongeze taa ndogo nyekundu ya betri nyuma, iendelee kuwaka asimamapo.

La pili ni kanda zirudishazo mwanga, zifungwe miguuni. Watu wengi hudhani kizibao cha rangi kali chatosha. Sivyo. Rangi ile yang'aa mchana kwa nguvu ya jua, na usiku hakuna jua. Huko Australia wataalamu walifanya majaribio usiku katika barabara iliyofungwa, wakatoa habari zake mwaka 2012. Aliyevaa nguo nyeusi alitambuliwa na madereva mara 2 katika 100. Mwenye kizibao cha rangi kali tu, mara 15. Mwenye kizibao chenye kanda zirudishazo mwanga, mara 50. Lakini aliyeongeza kanda hizo kwenye vifundo vya miguu na magoti alitambuliwa mara 90. Sababu yake ni wazi: miguu inayokanyaga pedali yapanda na kushuka, na dereva atambua mara moja kwamba yule ni mtu, si nguzo wala kibao. Kanda hizo hazina betri wala swichi.

La tatu ni kufunga kanda hiyo kwenye vifundo vya mikono pia. Hapo mkono wako umekuwa indiketa. Uonyeshe mapema, kisha uurudishe kwenye breki kabla ya kukata. Na katika barabara kubwa kama Jogoo Road au Outer Ring Road, usione haya kushuka. Simama kando upande wa kushoto, ngoja, uvuke kwa miguu ukisukuma baisikeli. Dakika mbili hazijamfukuzisha mtu kazi.

Sasa turudi kwenye karatasi ile. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yataja makato ambayo mwajiri aweza kuyafanya katika mshahara. Mwajiri hana ruhusa ya kujikatia atakavyo. Mfanyakazi aweza kuomba kwa maandishi akatwe fedha kwa jambo fulani, lakini liwe jambo ambalo mwajiri hana faida ndani yake. Basi twauliza: Nani auzaye vizibao hivi, na nani apataye faida? Mpaka tujibiwe, mtu asitie sahihi. Waliokwisha kutia na wamwone mjumbe wao wa kiwandani.

Tena kuna jambo kubwa zaidi. Sheria ya fidia ya walioumia kazini, ambayo sote twaiita WIBA, nayo ya mwaka 2007, yahesabu safari ya kwenda au kutoka kazini kuwa sehemu ya kazi wakati mfanyakazi achukuliwapo bure katika gari lililotolewa na mwajiri. Mtu arudiye kwake kwa baisikeli yake mwenyewe hana kinga hiyo. Akigongwa njiani, jamaa zake wasije wakashangaa wakiambiwa kwamba jambo hilo halihusu kampuni. Ndiyo sababu karatasi ya vizibao haitupendezi. Yamwachia mfanyakazi gharama, yamwachia na hatari, kisha yamfanya aonekane mwenye kosa asipovaa.

Nani aliyeweka zamu itoke saa nne usiku? Si mpanda baisikeli. Nani mwenye wajibu wa kuwasha taa za barabarani na kutenga njia za baisikeli? Si yeye pia. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera yake juu ya waendao kwa miguu na kwa baisikeli, ikasema asilimia 20 ya fedha za barabara zitumike kwa ajili yao. Sera ni maneno mazuri. Sisi twataka kuyaona maneno hayo njiani.

Kwa hiyo, katika mazungumzo yajayo na waajiri, chama kitaleta madai matatu. Kwanza, kila mfanyakazi wa zamu ya usiku mwenye baisikeli apewe bure taa ya mbele, taa ya nyuma, na kanda za mikono na miguu. Pili, pawe na basi la kampuni kwa zamu itokayo usiku, ili anayelipanda apate kinga ya sheria. Tatu, kampuni zijiunge nasi kudai taa za barabarani mbele ya milango yao.

Nasi tuna wajibu wetu. Mtu asingoje mapatano ndipo afunge kanda miguuni. Wapanda baisikeli waendao njia moja na watoke pamoja, mwenye taa nzuri ya nyuma akae nyuma. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Jibu letu basi ni hili: indiketa ya kuvaa si lazima. Kuonekana ni lazima. Na kulipia usalama wa zamu ya usiku si mzigo wa mfanyakazi peke yake.

Mkutano wa tawi utakapoitwa, njoni na karatasi zile mkononi.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI