Mabango yasiyokula umeme: mbona bado ni machache barabarani?

Mabango ya LED huwaka mchana na usiku, na bili ya umeme inapanda. Ipo skrini inayoweza kupunguza sana bili hiyo: karatasi ya kielektroniki, ile ile inayotumika kwenye Kindle. Mbona basi haijajaa mijini?

Inafanyaje kazi?
Ndani yake kuna chembe ndogo mno, nyeupe na nyeusi. Umeme unazisogeza juu au chini, picha inatokea, na umeme ukikatika picha inabaki palepale. Husomeka juani kama gazeti. LED ni kinyume: jua likiwa kali, inabidi iongeze mwanga, yaani umeme zaidi.

Inapofaa
Mwaka 2015 mjini Sydney, Australia, viliwekwa vibao vya aina hii vya kuongoza maegesho siku za matukio makubwa. Vilitumia sola na vilibadilishwa kwa mbali, hivyo hakukuwa na haja ya fundi kuzunguka akibadilisha kibao kimoja kimoja. London nayo imevijaribu kwenye vituo vya basi. Faida iko wazi: hakuna haja ya kuchimba barabara kupitisha nyaya.

Inapokwama
Anayelipia tangazo ananunua macho ya watu, na macho hufuata mwanga na vitu vinavyotembea. Skrini hii haichezi video, na picha ya rangi huchukua sekunde kadhaa kubadilika. LED moja huonyesha wateja wengi kwa zamu, kila mmoja sekunde chache, na hapo ndipo hela ilipo. Tena usiku karatasi hii haionekani bila taa ya nje.

Nini kitaisukuma?
Sheria, kwanza. Tangu 2022, Ufaransa inataka matangazo yenye taa yazimwe saa 7 usiku hadi saa 12 asubuhi, isipokuwa sehemu chache kama viwanja vya ndege. Sheria za namna hiyo zikiongezeka, LED inapunguziwa saa za kuuza.

Pili, rangi zimeboreka na sasa zinakaribia za bango la kuchapishwa. Huyo ndiye mshindani halisi wa karatasi hii. LED itabaki na video zake, lakini bango linalobandikwa kwa gundi na ngazi kila tangazo likibadilika ndilo lenye sababu ya kuogopa.